Baada ya Kipindi cha Mwisho

Mhadhara kwa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa kwanza, Tanga



Nimeombwa nizungumzie maisha ya chuo. Najua wengi wenu mmeondoka nyumbani na wosia ule ule: nenda kasome, usijitie kwenye mambo ya watu. Mzazi anayesema hivyo ana sababu zake. Amesikia habari za kijana wa mtaani aliyeingia kwenye uongozi wa wanafunzi, akawa hakosi kikao, akaanza kusapu mitihani, na mwaka uliofuata akadisko, yaani akaondolewa chuo, akarudi mtaani kwao Ngamiani na begi lake. Sitabishana na mzazi huyo. Ila kwa mtu anayesomea ualimu, wosia huo ukifuatwa neno kwa neno humtoa chuoni akiwa na cheti kamili na ualimu nusu. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwezi wako wa kwanza shuleni, tuseme shule ya sekondari ya kata huko Mkinga au Pangani, utapewa vipindi vyako. Hilo unalitegemea, na umeandaliwa kwalo. Lakini kabla wiki ya pili haijaisha mkuu wa shule atakuita ofisini na kukwambia kwamba mwalimu wa michezo amehamishwa, kwa hiyo michezo ni yako. Timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, iandaliwe. Mlezi wa skauti naye hayupo. Wiki ijayo zamu ni yako: utaamka alfajiri, utasimama mstarini mbele ya watoto mia kadhaa, utasimamia usafi, utapokea wazazi, utapatanisha waliopigana, utaandika ripoti kwenye kitabu cha zamu. Baada ya mwezi utaambiwa uandike muhtasari wa kikao cha walimu. Ukionekana una mwandiko mzuri na hujibu kwa hasira, utapewa na fedha za mradi wa shule uzitunze na uzitolee hesabu.

Sasa niulizeni ni mada gani ya mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu inayofundisha kusimama mbele ya watoto mia sita wasiokujua wakanyamaza bila fimbo. Au inayofundisha kumwambia mwenyekiti wa kamati, mtu mzima wa umri wa baba yako, kwamba risiti aliyoleta haitoshi, ukamwambia akakusikia na heshima yake ikabaki. Saikolojia ya elimu itakugusia. Falsafa ya elimu itakupa maneno. Mazoezi yenyewe utayapata mahali pengine ukiwa mwanafunzi: kwenye kwaya, kwenye timu, kwenye chama cha wanafunzi wa fani yako, kwenye jumuiya ya dini, kwenye serikali ya wanafunzi, kwenye gazeti la ubaoni ambalo watu wawili huanzisha na kulibeba peke yao muhula mzima.

Hapa Tanga jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya mwanzo ya 1890 Wajerumani walifungua hapa shule ya serikali, ya kwanza katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Walikuwa na haja zao: walitaka makarani, maakida na walimu wasomao na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wanafunzi waliokwisha pevuka walifanywa walimu wasaidizi, kisha wakapelekwa kufundisha shule ndogondogo za vijijini katika wilaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna ya kuandaa walimu: unasoma asubuhi, unafundisha wadogo zako, halafu unatumwa shamba. Hatuna sababu ya kuisifia nia ya mkoloni. Lakini tazameni kilichokuwa ndani ya uzio ule mbali na darasa. Kulikuwa na karakana. Kulikuwa na bendi ya tarumbeta. Na kulikuwa na mtambo wa kupiga chapa, ambao juu yake wanafunzi walijifunza kupanga herufi, na hapo ndipo lilipokuwa likichapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililotoka miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mwaka 1916 vita vilipolikata.

Fikirieni kijana wa Kibondei au wa Kidigo wa wakati ule. Yuko mbele ya kasha la herufi za risasi, anapanga habari iliyotumwa na mwalimu mwenzake kutoka wilaya ya mbali, kwa Kiswahili, ikasomwe na watu asiowajua. Herufi anaisoma kinyumenyume, kosa moja na mstari wote unavunjwa. Kijana yule alikuwa akijifunza imla kwa vidole. Alikuwa pia akijifunza kwamba aandikacho mtu wa Tanga husomwa Tabora na Kilwa. Alipopelekwa shule ya kijijini hakwenda kama mtu aliyetupwa porini, maana alijua ana wenzake huku na huku na kuna gazeti linalowaunganisha. Sidhani kama somo la hesabu lingempa hilo.

Miaka michache baadaye, Waingereza wakiwa wameshika nchi, mji huu ulizaa jambo jingine. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapa Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Kayamba alikuwa Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, chuo cha misheni ya UMCA kilichokuwa kikiandaa walimu na makasisi. Kiungani kilikuwa chuo cha bweni. Vijana kutoka Bondei, Nyasa, Unguja na Ruvuma waliishi pamoja, wakala pamoja, wakasali na kucheza pamoja, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kayamba alipokuja kufanya kazi Tanga akawakuta makarani na walimu wa dini mbili na makabila mengi, kila mmoja akinung'unika peke yake, hakuhitaji kufundishwa namna ya kuwaketisha chumba kimoja. Alikwisha kuishi hivyo ujanani. Chama chake kiliwachukua Waislamu na Wakristo bila kubagua, na wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa mizizi ya vyama vilivyofuata, African Association ya mwaka 1929 ikiwamo.

Mfano wa tatu mnaujua kwa jina, lakini labda hamjauangalia kwa jicho la mwanafunzi wa ualimu. Kati ya 1943 na 1945 kijana kutoka Butiama alikuwa Makerere akisomea stashahada ya ualimu. Julius Nyerere alisoma, hilo halina shaka. Lakini pia aliandika barua magazetini. Alishiriki shindano la insha, akachukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kudhulumiwa kwa wanawake, akazipima na maisha ya wanawake wa Kizanaki aliowajua kwao. Akashinda. Na pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu alianzisha chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika waliokuwa pale Makerere, ambacho baadaye kikawa tawi la TAA, yaani Tanganyika African Association.

Huyo Hamza Mwapachu ni mtoto wa hapa Tanga. Alikwenda Makerere kwa ajili ya utabibu, na umri alimzidi Nyerere. Nalitaja hili kwa sababu kwenye maisha ya chuo mtu hujifunza sana kwa asiyesoma naye darasa moja. Mwalimu mtarajiwa kutoka Musoma na mganga kutoka Tanga wasingekutana kwenye mhadhara wa aina yoyote. Walikutana kwenye chama. Urafiki wao ulidumu, na yaliyotoka humo nchi nzima iliyaona.

Tena angalieni kilichofuata. Mwaka 1946 Nyerere alianza kufundisha St. Mary's Tabora, pamoja na Tibandebage yule yule. Aliendelea na shughuli za TAA pale pale Tabora huku akishika chaki. Hakujifunza siasa baada ya kuacha ualimu. Alizijua akiwa mwanafunzi wa ualimu, akazifanya akiwa mwalimu, na alipolazimika kuchagua mwaka 1955 aliacha kwa uchungu kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Mtasema hao ni watu wakubwa, sisi tunataka ajira tu. Nawaelewa. Siku hizi hata ajira haiji yenyewe kama zamani: unamaliza, unasubiri, unaitwa kwenye usaili, unashindana na maelfu. Sikuwatajia Kayamba na Nyerere ili mkawe viongozi wa nchi. Wako wachache watakaokuwa, na hao hawahitaji mhadhara wangu. Niliwataja kwa sababu kazi waliyoifanya kwanza ilikuwa ndogo kabisa: kuitisha kikao, kuandika barua, kukusanya ada ya chama, kuhakikisha mwenye maoni tofauti hafukuzwi. Kazi hizo hizo utazifanya shule ya kata Mwarongo.

Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, nako kuna la kujifunza, zuri na baya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao mamia yao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi siwezi kuwatetea vijana wale moja kwa moja. Mkulima wa mkonge wa Korogwe aliyesikia madai yao siku ile alikuwa na haki ya kushangaa. Waliingia kwenye maisha ya chuo kwa nguvu zote, lakini mzunguko wao ulikuwa wa wao kwa wao, na walipofungua mlango wakagundua nchi haiko upande wao. Kushiriki kwa namna hiyo kunaweza kumtenga mtu na watu atakaokwenda kuwafundisha.

Miaka mitatu baadaye, kwenye vilima vile vile, kundi jingine lilianza kutoa jarida la Cheche. Mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alikuwa akisoma hisabati pamoja na ualimu. Zakia Meghji, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, naye alikuwamo. Jarida na chama kilichokuwa nyuma yake vilipigwa marufuku mwaka 1970. Unaweza kukubaliana na siasa zao au usikubaliane. Mimi kinachonivuta ni kwamba mwanafunzi wa hisabati za ualimu aliona ni wajibu wake kuandika ili asomwe, kuhariri makala za wenzake, na kukubali kwamba aliyoyaandika yatajibiwa. Mwalimu wa hisabati asiyewahi kujibiwa na mtu mzima mwenzake hupata taabu sana siku mtoto wa kidato cha pili atakaposimama na kusema, "Mwalimu, hapo umekosea."

Nadhani ni wakati wa kusema jambo kuhusu walimu ambao hawakupata chuo kabisa, kwa sababu wapo humu ukumbini wanaofikiri nawadharau. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi iliamua kila mtoto aende shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio, chini ya walimu wazoefu wa maeneo yao. Wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wengi walilitamka jina hilo kwa kejeli. Kejeli ile haikuwa haki. Baadhi yetu tulifundishwa kusoma na walimu wale. Hawakuwa na bweni wala kafeteria, lakini walikuwa na kijiji: waliishi na wazazi wa watoto, waliitwa kwenye mazishi na maulidi, walifundisha watu wazima jioni. Ile shughuli ya umma ambayo mimi nawaambieni mwitafute chuoni, wao waliipata uwanjani moja kwa moja.

Hali ilikuwa ngumu zaidi kwa vijana wa miaka ya katikati ya 2000, sekondari za kata zilipoota kila mahali na waliomaliza kidato cha sita wakapigwa msasa kwa wiki chache tu kisha wakapelekwa madarasani. Mtaani waliitwa voda fasta. Hao hawakupata chuo, wala hawakupewa muda wa kuwa watu wa kijiji. Walipewa chaki wakaambiwa nendeni. Wengi walijitahidi kupita kiasi, na waliobaki baadaye walijiendeleza, wengine kwa kupitia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho kina kituo chake hapa Tanga. Nimezungumza na baadhi yao. Wakikumbuka mwaka ule wa kwanza, hawalalamikii upungufu wa maarifa ya somo. Wanakumbuka upweke: hakukuwa na mtu wa rika lao aliyepitia walichopitia ambaye wangeweza kumpigia simu usiku na kumuuliza, wewe darasa lako unalituliza vipi? Ninyi mnayo miaka mitatu ya kuwapata watu hao. Msiitumie yote kwenye rumu na simu ya mkononi.

Sasa nije kwenye mazoezi ya kufundisha, maana huko ndiko tunakoona kwa macho nani aliishi chuoni na nani alipita.

Mwaka mmoja nilikwenda kumsimamia mwanafunzi kwenye shule moja ya pwani, kaskazini mwa mji, mahali ambapo ukiwa darasani unasikia maji. Andalio lake la somo lilikuwa la kawaida: utangulizi, kujenga maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, kila hatua na dakika zake. Mwandiko mbaya kidogo. Nilipofika kwenye sehemu ya idadi ya wanafunzi, pale panapoandikwa walioandikishwa na waliohudhuria, nikaona amechora alama ndogo ya mwezi pembeni kwa penseli. Nikageuza kurasa za nyuma. Alama ile ilijirudia, na kila ilipokuwapo, safu ya wavulana ilikuwa imepungua sana, na safu ya wasichana kwa kiasi.

Nikamuuliza. Akasema, "Bamvua, mwalimu. Maji yakitoka mbali wanakwenda kutafuta pweza na mama zao. Wavulana wakubwa wanakwenda diko kusubiri madau." Alikuwa kijana wa bara, Singida, hakuwahi kuona kupwa na kujaa maisha yake yote. Alijuaje? Alijua kwa sababu baada ya vipindi alikuwa akicheza mpira na vijana wa kijiji. Nao ndio waliompeleka diko. Na wazee wa diko ndio waliomweleza siku za mwezi.

Hakuishia kuchora mwezi. Alimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kukaa na wazazi, si shuleni bali kule kule pwani, chini ya mkungu, saa ambayo samaki wameshauzwa. Nilibaki ili nione. Hakusimama. Aliketi jamvini. Alimwacha mwenyekiti wa kitongoji afungue, akawaacha wazee watatu waseme yao, mmoja akisema kwa ukali kwamba shule haimpi mtu mboga. Kijana hakumjibu. Akasubiri hadi mama mmoja akamjibu yule mzee kwa niaba yake, kisha ndipo akaomba jambo moja tu: siku za bamvua watoto waende pwani baada ya saa nane, maana siku nyingine maji huwa bado yako chini, na siku ambazo haiwezekani kusubiri, wazazi wamwambie mapema ili mtihani wa wiki usiwekwe siku hiyo. Wakakubaliana. Mtu mmoja aliandika muhtasari kwenye daftari la shule, nao ukasomwa kabla watu hawajatawanyika, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakulisikia.

Njiani nikamuuliza amejifunza wapi kuendesha kikao namna ile. Nilitegemea aniambie somo la uongozi wa elimu. Akaniambia alikuwa katibu wa kwaya chuoni kwa miaka miwili, na kwamba kwaya ni watu arobaini ambao wote wana sauti.

Sikuwahi kusikia maelezo mazuri zaidi.

Hata hivyo nisiwadanganye. Kuna ushiriki unaoharibu. Chaguzi za wanafunzi katika vyuo vingi zimeanza kufanana na chaguzi za watu wazima kwa mabaya yake: sherehe za mgombea, fedha ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi, ahadi za kuharakisha bumu (fedha za kujikimu za mkopo) ambazo rais wa wanafunzi hana mamlaka nazo, kwa kuwa bumu huamuliwa na Bodi ya Mikopo na taratibu za chuo. Mkiona kundi linalotaka mchango wenu lakini halisomi hesabu hadharani, tokeni humo. Mwalimu aliyezoea chuoni kula fedha ya chama atakula fedha ya mradi wa mabanda ya kuku ya shule, na watoto watamwona.

Jumuiya za dini nazo zina thamani kubwa kwangu. Futari ya pamoja mwezi wa Ramadhani na mkesha wa Pasaka vimewashikilia wanafunzi wengi walioishiwa fedha na walioishiwa moyo. Ila mkoa huu umejengwa na watu waliosali tofauti na wakafundisha shule moja. Ukimaliza miaka mitatu rafiki zako wote wakiwa wa msikiti wako au kanisa lako peke yake, utafika chumba cha walimu ukiwa mgeni. Jiungeni na jumuiya zenu, na pia kitafuteni kitu kimoja ambacho kinawachanganya.

Nimesema kimoja. Wanaoanza huwa na hamu, wanajiandikisha Malihai, skauti, mdahalo, mpira wa pete, umoja wa wanafunzi wanaotoka mkoani, na kufika wiki ya sita hawaonekani popote. Afadhali mtu mmoja aliyekuwa mweka hazina wa klabu ndogo kwa mwaka mzima, akafunga hesabu hadi shilingi ya mwisho na kuikabidhi kwa maandishi, kuliko mwenye vitambulisho vitano. Na klabu ya midahalo naipigia debe waziwazi kwa wale mtakaofundisha sekondari. Mtapokea watoto wa kidato cha kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza. Wengi watanyamaza kwa aibu. Anayeweza kuwafungua midomo ni mwalimu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kusimama mbele za watu akatafuta neno likamkimbia, akacheka, akaendelea.

Kuna kundi ambalo mashauri haya yanaliangukia vibaya, nami sitaki kulipita. Mwanafunzi wa kike anaambiwa ashiriki, kisha vikao vinawekwa saa tatu usiku. Akipewa cheo, ni ukatibu msaidizi au kamati ya chakula. Aliyeolewa na mwenye mtoto mchanga anahesabiwa kuwa hana nia. Halafu tunashangaa kwa nini shule zetu zina walimu wanawake wengi huku ofisi za wakuu wa shule zikijaa wanaume. Vyuo vinaweza kurekebisha hili kesho asubuhi bila bajeti yoyote. Vikao viwe saa kumi alasiri. Uenyekiti upigiwe kura na si kugawanywa kwa desturi. Wasichana mlio hapa, mkipewa nafasi ya kuandika muhtasari kila siku, kataeni kwa adabu mara ya tatu na muombe kuongoza kikao.

Wapo pia wanaoishi mbali na chuo, wanaotoka Makorora au Pongwe kwa baiskeli asubuhi na kurudi jioni kwenda kuuza duka la mjomba. Wapo ambao mkopo haukuwafikia na wanafundisha masomo ya ziada usiku ili walipe ada. Kwao hao sina la kuwaongezea mzigo. Wanachofanya tayari ni shughuli ya umma. Yule anayekusanya watoto sita wa jirani ukumbini kwao na kuwafundisha hesabu kwa malipo kidogo anajifunza jambo lile lile alilojifunza katibu wa kwaya. Ombi langu kwao ni kwamba waliseme darasani. Wasilifiche kama aibu.

Na ninyi walimu wenzangu mnaosimamia mazoezi ya kufundisha, mniruhusu nimalizie kwenu, kwa kuwa wanafunzi hufuata kile tunachokipima. Leo hii msimamizi hufika shuleni saa tatu asubuhi, huketi nyuma ya darasa, hujaza fomu kwa dakika 80 za kipindi cha mkupuo, huzungumza na mwanafunzi robo saa chini ya mwembe, hupanda gari kwenda shule nyingine. Fomu yetu inauliza habari za zana, sauti, matumizi ya ubao na udhibiti wa darasa. Haiulizi kama mwanafunzi ameshika zamu. Haiulizi ni mtu gani wa kijiji anayemjua kwa jina, wala kama amewahi kukaa kikao cha wazazi. Najua safari ni nyingi, posho ni ndogo, na barabara ya kwenda baadhi ya shule hizi wakati wa masika ni taabu tupu. Lakini angalau mara moja kwa kila mwanafunzi, katika majuma yale ya mazoezi, naomba msimamizi asiondoke saa tano. Abaki hadi kengele ya mwisho, aone watoto wakitoka, na amfuate yule mwalimu tarajali aone anaelekea wapi: uwanjani, kwenye bustani ya shule, chumba cha klabu, au moja kwa moja kwenye chumba alichopanga na kufunga mlango. Aliandike hilo kwenye fomu, na liwe na alama zake.